Pilipili ya Kuvukia Baridi

"Pilipili ya shamba yakuwashiani?" Wahenga walituuliza swali hili ili tuache kujitia katika mambo yasiyotuhusu. Leo naomba niwajibu, kwa heshima zote. Pilipili ninayotaka kuisimulia iko katika shamba la mbali kweli, kando ya Bahari Nyeusi, chini ya milima ya Kaukazi, na nduguye mwingine yuko Urusi, kwenye theluji ya Ural na Siberia. Sijaila. Lakini inaniwasha, na ukiwa na subira, msomaji, itakuwasha na wewe.

Inaniwasha kwanza kwa jina lake. Mgeorgia akitaka pilipili sokoni husema "pilpili". Wala usicheke, si mzaha. Neno hilo lilizaliwa India, kwa Kisanskriti pippali. Likapita Uajemi likawa pilpil. Waarabu, ambao hawana sauti ya p, wakalifanya filfil. Tawi moja likapanda kaskazini mpaka Georgia, tawi jingine likashuka na majahazi ya pepo za kaskazi mpaka pwani yetu. Kwa hiyo pilpili ya kule na pilipili ya huku ni ndugu wa tumbo moja waliopotezana utotoni. Sasa mtu akikutana na ndugu yake wa namna hiyo, atamwuliza "yakuhusu nini"?

Inaniwasha pili kwa sababu ya historia tuliyosomeshwa. Sisi tuliopita sekondari tunajua kukariri. Tulikariri mikataba, tukakariri vita, tukakariri magavana na miaka yao. Jeshi liliposhinda tuliambiwa jina la jemadari. Aliyelipikia jeshi hilo hakutajwa, na aliyebaki nyumbani akiwaza watoto watakula nini baridi ikiingia, huyo ndiyo kabisa. Kumbe mtu huyo naye aliandika historia yake. Hakuwa na kalamu. Aliiandika kwa chumvi na pilipili, akaifunga chupani, akaiweka mahali pa baridi. Kazi yangu leo ni kuifungua chupa hiyo.

CHUMVI YA TAJIRI

Kitu chenyewe kinaitwa ajika. Ni kitoweo kikali cha kusaga, kibichi, kisichopita motoni. Kwao ni Abkhazia na jirani yake Samegrelo, magharibi mwa Georgia. Abkhazia ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya bahari na milima. Pwani kuna joto na machungwa yanaota. Ukipanda juu unakutana na theluji.

Kwa lugha ya Waabkhazi, neno ajika maana yake ni chumvi. Chumvi basi. Pilipili inaingia katika jina refu zaidi, apyrpyl-jika, yaani chumvi ya pilipili. Hebu lisome tena hilo apyrpyl polepole. Umemwona ndugu yetu amejificha humo?

Ajika ya asili inataka pilipili nyekundu zilizoanikwa kidogo au kupitishwa moshi juu ya meko, vitunguu saumu, mbegu za giligilani, majani ya jamii ya uwatu, na chumvi nyingi. Vinasagwa jiwe juu ya jiwe mpaka viwe uji mzito mwekundu. Nyanya hazimo. Ukimwekea mzee wa Kiabkhazi nyanya ndani ya ajika atakuambia hicho ni kitu kingine, kitafutie jina.

Na inaliwa na nini? Hapa ndipo nilipokaa wima. Inaliwa na abysta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa kwa maji ya moto mpaka ukakaza, bila kutiwa chumvi. Wamegreli wanao wao wanaouita ghomi. Sasa mimi na wewe, mtoto wa Bongo, kitu hicho tunakiitaje? Ni ugali, bwana! Ugali wao haupati chumvi sufuriani kwa sababu chumvi inakuja mezani imevaa nguo nyekundu.

Kuhusu chanzo chake wanasimulia kisa. Zamani wenye mifugo waliwapa wachungaji chumvi ya kulisha kondoo huko malishoni, kwa sababu mnyama akilamba chumvi hula vizuri, hunywa sana, hunenepa. Chumvi ilikuwa mali. Wachungaji wakawa wanaimega kidogo kwa ajili ya chakula chao. Matajiri walipogundua wakaichanganya na pilipili ili isilike na binadamu. Wachungaji wakaionja, wakatazamana, wakaongeza vitunguu saumu na majani ya porini. Adhabu ikageuka kitoweo.

Hiki ni kisa cha mdomo, na hakuna karani aliyekiandika siku kilipotokea. Ila kisa cha mdomo kina ukweli wake, kwa sababu watu hawatungi uongo kuhusu jambo lisilowauma. Hawa walitunga kuhusu chumvi na mwenye chumvi. Mahali pengi palipokuwa mbali na bahari au machimbo, chumvi ilikuwa fedha. Hata kwetu, chumvi ya Uvinza ilitembea kwa miguu ya wapagazi miaka mingi kabla Mjerumani hajafika. Mtu aliyemiliki chumvi alimiliki na ndimi za wenzake. Halafu mnyonge akachukua kile kile alichowekewa ili akome, akakifanya kiwe chake. Kama wewe unajifunza kutunga riwaya, kaa na kisa hicho siku mbili tatu. Mgogoro umo, wahusika wamo, na kicheko cha mwisho kipo kwa asiye na kitu.

MGENI ALIYEGEUKA MWENYEJI

Lakini kuna tatizo. Pilipili hizi kali nyekundu si za Kaukazi, wala si za India, wala si za kwetu. Kabla ya mwaka 1492 hakuna Mwafrika, Mhindi wala Mgeorgia aliyewahi kuonja pilipili mbuzi. Ile pippali ya Kisanskriti ilikuwa mmea mwingine kabisa, wa ukoo mmoja na pilipili manga. Pilipili mbuzi, pilipili kichaa, pilipili hoho, zote ni wahamiaji kutoka Amerika. Watu wa Meksiko walizilima maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote ya Ulaya.

Christopher Columbus alikwenda kutafuta pilipili manga, akapotea njia. Mwezi Januari 1493, akiwa katika kisiwa alichokiita Hispaniola, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba wenyeji wana pilipili yao wanayoiita aji, kwamba hawali chakula bila hiyo, na kwamba thamani yake inaipita pilipili manga. Alikwisha kupiga hesabu ya meli ngapi zingeweza kupakiwa kila mwaka. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara tu.

Hesabu yake ilikufa. Mbegu za pilipili hazikungoja meli hamsini. Ziliota popote palipokuwa na jua, kwenye kopo, nyuma ya jiko, kando ya kaburi. Bidhaa ambayo kila mtu anaweza kuiotesha mlangoni haimtajirishi tajiri. Mwaka 1542 Mjerumani Leonhart Fuchs alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mimea, alizichora pilipili hizi na kuziita za Calicut, akidhani kwao ni India. Miaka hamsini tu, na mgeni alikwisha kusahauliwa kwao! Wareno walizisambaza katika Bahari ya Hindi, Waturuki wa Dola ya Osmani wakazisambaza katika nchi zao, na kando ya Bahari Nyeusi zikakutana na wachungaji wetu na chumvi yao. Mahali pengi walipofika, watu waliwapa wageni hawa jina la zamani walilokuwa nalo. Ndiyo maana nasi tukasema pilipili.

Nawe ukiulizwa chakula cha asili ni kipi, jibu taratibu. Mahindi ya abysta yametoka Amerika. Mahindi ya ugali wako pia. Nyanya, Amerika. Pilipili, Amerika. Mwenyeji wa kweli mezani pale ni mkono uliosaga.

ILIPOPANDA KASKAZINI

Ajika haikubaki kwao, kwa sababu wenyewe hawakuachwa wabaki. Mwaka 1864 Dola ya Urusi ilimaliza vita vyake vya kuitwaa Kaukazi. Katika miaka iliyofuata, baada ya maasi ya 1866 na tena baada ya vita vya 1877 hadi 1878 kati ya Urusi na Waturuki, maelfu kwa maelfu ya Waabkhazi walifukuzwa au kukimbilia upande wa pili wa bahari. Wajukuu wao wapo Uturuki mpaka leo, na Uturuki kuna kitoweo chekundu cha kupaka mkate kiitwacho acuka. Jina limepinda kidogo, kama jina la mtu aliyeandikishwa na karani asiyejua lugha yake.

Kwa upande wa Urusi safari ilikuwa ya namna nyingine. Enzi za Umoja wa Kisovieti, wafanyakazi wa viwandani na maofisini walikwenda likizo pwani ya Abkhazia, miji ya Gagra na Sukhumi, kuota jua. Walirudi kwao na ngozi iliyoungua na hamu ya ajika. Tatizo ni kwamba kwao ni Ural, ni Siberia, ambako kiangazi ni kifupi na pilipili kali huiva kwa taabu. Basi wakafanya kile afanyacho mpishi yeyote asiye na kitu fulani: akatia alichonacho. Wakatia nyanya. Wakatia karoti, wakatia matufaha. Wakaendelea kuiita ajika, na mzee wa Kiabkhazi akaendelea kununa.

Huko kaskazini kuna mzizi uitwao khren. Ni mweupe, mrefu, unaota kama magugu, na ukishauotesha huutoi tena. Ukoo wake ni mmoja na haradali. Ukali wake hauchomi ulimi kama pilipili. Unapanda puani mpaka utosini, machozi yanatoka kabla hujajua umekula nini. Warusi waliutumia karne nyingi. Walipoukutanisha na nyanya mbichi na vitunguu saumu wakapata kitoweo chao wenyewe, na majina waliyokipa ni ya watu wenye utani. Wengine hukiita khrenovina, neno ambalo kwa mazungumzo ya mtaani lina maana pia ya takataka au upuuzi. Wengine hukiita gorloder, mrarua koo. Wengine ogonyok, kimoto kidogo. Na wapo wanaosema vyrvi glaz, yaani ng'oa jicho. Ukisikia watu wanakipa chakula jina la matusi namna hiyo ujue wanakipenda.

KWA NINI MBICHI?

Septemba ndiyo mwezi wa shughuli, kabla baridi haijaua mimea bustanini. Vipimo vinavyozunguka sana ni hivi: nyanya kilo 1, khren gramu 100, vitunguu saumu gramu 100, chumvi vijiko vidogo 3, sukari kijiko 1. Kila nyumba ina vyake, na kila nyumba inaamini vya jirani ni makosa. Vyote hupitishwa katika mashine ya mkono ya kusagia nyama. Khren ukisagwa hutoa mvuke unaoliza kuliko kitunguu, kwa hiyo akina mama hufunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa mashine, mzizi ukaangukia humo ndani bila kumfikia mtu machoni. Fikiria ni macho mangapi yalilia kabla mmoja hajawaza mfuko. Uvumbuzi huo hauna hati wala jina la mvumbuzi.

Kisha uji huo mwekundu unatiwa katika chupa za kioo zilizochemshwa na kukaushwa, zinafunikwa, zinapelekwa shimoni. Nasema shimoni kwa maana hasa: nyumba nyingi za huko zina chumba kilichochimbwa chini ya sakafu, baridi yake ni ya friji mwaka mzima. Humo hukaa viazi, kabichi, na chupa zimejipanga mistari kama wanafunzi asubuhi.

Sasa kwa nini isichemshwe ili idumu zaidi? Kwa sababu ukichemsha unaua kile unachokitaka. Mzizi wa khren ukiwa mzima hauna harufu. Ukiusaga, chembe zake zinapasuka, kimeng'enya kilichokuwa chumba kimoja kinakutana na kemikali iliyokuwa chumba cha pili, na hapo ndipo ukali unapozaliwa. Kitunguu saumu nacho ni hivyo hivyo. Ukali huu huzaliwa kwa kujeruhiwa, nao hufa kwa moto. Wakati huo huo ndio unaosaidia kuwazuia bakteria na ukungu. Ongeza chumvi inayovuta maji, ongeza ugwadu wa nyanya, ongeza baridi ya shimo: askari wanne mlangoni. Hakuna mmoja anayetosha peke yake, ila wakiwa pamoja miezi inapita.

Tahadhari kwa mwenzangu wa Dar es Salaam anayetaka kujaribu: hapa kwetu askari wa baridi hayupo. Ukiiacha mezani itachacha upesi na kufura. Iweke kwenye friji na uile mapema. Wala usidharau usafi wa chupa, maana hata Warusi wenyewe huumia: uyoga wanaoufungia nyumbani kwenye chupa zisizopitisha hewa ni chanzo kinachojulikana cha sumu ya botulini, ambayo huua. Nyanya zina ugwadu unaosaidia kuizuia, uyoga hauna. Ujuzi wa bibi ni ujuzi, na sumu nayo ni sumu.

MWAKA AMBAO FEDHA ILIOZA

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Warusi walikuja kuona kwamba inategemea umeweka akiba gani.

Bustani zilizozaa chupa hizi zina historia yake. Aprili 1942, Wajerumani wakiwa wameteka mashamba makubwa ya nafaka, serikali ya Kisovieti iliamuru wafanyakazi wa mijini wagawiwe ardhi walime mboga zao. Mwaka 1949 ukaja uamuzi mwingine wa kuwagawia bustani. Kipande kilichozoeleka ni mita za mraba 600, yaani hatua 20 kwa 30 hivi. Dola iliyotangaza kwamba italisha kila mtu kwa mashamba ya pamoja ilikuwa inakiri kimyakimya kwamba hatua 20 kwa 30 za mama mmoja zinahitajika.

Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Tarehe 2 Januari 1992 serikali ya Urusi ikaziachia bei. Katika mwaka huo mmoja bei zilipanda takriban mara 26. Hebu liweke hilo katika maisha ya mtu. Mwalimu aliyeweka fedha benki miaka 30 ili azikwe kwa heshima aliamka akakuta zinanunua vitu vya siku chache. Viwanda vikakaa miezi bila kulipa mishahara, vingine vikawalipa watu kwa bidhaa, mfanyakazi anarudi nyumbani amebeba masufuria badala ya mshahara. Agosti 1998 fedha ya Urusi ikaanguka tena.

Watu waliishi vipi? Waliishi kwa hatua zile 20 kwa 30. Mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu viazi 9 katika kila 10 vilivyozalishwa Urusi, na zaidi ya robo tatu ya mboga, vilitoka katika bustani za watu wa kawaida. Profesa alikuwa na jembe. Rubani alikuwa na jembe. Na Januari, nje kukiwa na nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, mezani kuna viazi vitupu, mtu anashuka shimoni na kurudi na chupa nyekundu. Kijiko kimoja cha mrarua koo juu ya kiazi, na chakula cha dhiki kinakuwa chakula.

Mtu anaweza kuniambia kijiko cha pilipili hakishibishi. Kweli. Lakini muulize yeyote aliyewahi kula ugali mkavu wiki nzima kama shida ilikuwa njaa peke yake. Ipo na aibu. Ipo na ile hali ya kuhisi umesahauliwa. Kitoweo kinakuambia kwamba mtu alikufikiria mwezi Septemba, akajua Januari utakuwa hapa, akakuwekea. Benki haikukufikiria hivyo.

KITOWEO KIMOJA, MEZA MBILI

Sasa turudi Kaukazi, maana huko miaka hiyo hiyo chupa nyingi zilibaki bila mtu wa kuzifungua.

Agosti 1992 vita vililipuka Abkhazia kati ya Wageorgia na Waabkhazi. Walikuwa wameishi kijiji kimoja, wameoleana, wanakula ugali mmoja kwa ajika moja. Tarehe 27 Septemba 1993 mji wa Sukhumi uliangukia mikononi mwa Waabkhazi na washirika wao. Maelfu waliuawa, wa pande zote mbili. Wageorgia zaidi ya 200,000, wengi wao Wamegreli, walikimbia, baadhi kwa miguu kupitia milima yenye theluji. Angalia tarehe hiyo: ni mwezi wa kusaga pilipili.

Katikati ya Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, palikuwa na hoteli ya fahari iitwayo Iveria. Ikajazwa wakimbizi, wakaishi humo mpaka mwaka 2004. Baraza za vyumba vya watalii zikazibwa kwa mbao na mabati kuwa majiko na vyumba vya ziada. Jengo lililotangaza starehe likawa kijiji kilichosimama wima.

Mwaka 2018 Georgia iliiandikisha ajika ya Wamegreli katika orodha ya urithi wake wa utamaduni. Waabkhazi nao wanasema: neno ni letu, chumvi ni yetu. Nchi yenyewe bado ina mgogoro. Urusi iliitambua Abkhazia kuwa nchi mwaka 2008, nchi nyingi duniani zinaihesabu kuwa sehemu ya Georgia. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Lakini naona jambo moja. Pande mbili zinazoshindania kitoweo zinakiri, bila kupenda, kwamba ziliwahi kukaa meza moja. Hakuna anayeweza kumwibia mapishi mtu ambaye hajawahi kuingia jikoni kwake.

NYANYA

Kwa Kirusi lipo neno nyanya. Maana yake si tunda. Ni yaya, mlezi wa watoto. Kwetu nyanya ni tunda na pia ni bibi. Maneno haya hayana undugu, yamefanana kwa bahati tu, lakini nimeshindwa kuyaacha yapite.

Aleksandr Pushkin, mshairi ambaye Warusi wanamwita baba wa fasihi yao, na ambaye babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika, alikuwa na nyanya wake. Aliitwa Arina Rodionovna, aliyezaliwa mtumwa wa shamba. Kati ya 1824 na 1826, mfalme alipomfungia Pushkin kijijini Mikhailovskoye, mama huyo alimsimulia ngano, na Pushkin akaziandika. Fasihi kubwa ya taifa ikachukua mbegu zake kwa mwanamke ambaye vitabu vya historia ya wafalme visingemtaja kamwe. Tunamjua kwa sababu moja tu: kijana aliyekaa naye alikuwa na kalamu, na alikubali kusikiliza.

Sisi tunaotaka kuandika tuna ugonjwa wa kutafuta hadithi mbali, kwenye sinema, kwenye vita vya wakubwa. Wakati huo huo pale Ilula, mkoani Iringa, nyanya zinapangwa kando ya barabara kuu kwa matenga. Msimu ukifurika bei inaanguka, zinaoza. Msimu ukipita, mama wa mjini anahesabu nyanya moja moja. Nani kati yetu amewauliza wanawake wa Ilula wanafanya nini zile zinazobaki? Nani ameandika achari ya embe ya Unguja inavyoanikwa, chumvi kiasi gani, jua siku ngapi, na ilifika na nani? Wanaojua wapo, na hawatakuwepo siku zote. Mapishi hayaozi upesi kama nyanya, lakini yanakufa na mwenyewe, tena bila tangazo.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kabla hujaanza sura ya kwanza ya riwaya yako, nenda kwa bibi mmoja mwenye mtungi. Salimia vizuri, shikamoo yake ipate. Usianze na daftari, anza na kusaidia kumenya vitunguu. Muulize chumvi zamani waliipata wapi, mwaka wa njaa walikula nini, na ni nani alimfundisha. Akikuambia "haya mambo ya jikoni yakuwashiani, mjukuu wangu?", sasa unalo la kumjibu.